Shamba Linaloingia Nyumbani Kila Ijumaa

Thika, 14 Oktoba 1957

Daftari hili ni la mwaka jana. Himatlal, mwenye duka pembeni mwa laini yetu ya nyumba za wafanyakazi, alikuwa na madaftari ya kugawia wateja. Moja likabaki, akanipa nilipokwenda kununua sabuni. Siku zake zimepishana na za mwaka huu kwa moja tu, kwa hiyo nafuta Jumapili naandika Jumatatu, kazi imekwisha. Kwetu kitu hakitupwi eti kwa sababu mwaka wake umepita. Taa yetu ni mkebe wa maziwa na utambi wa kitambaa. Bawaba za mlango ni vipande vya tairi. Mfereji wa maji wa laini nzima ulivuja tangu Pasaka mpaka Wambua, mume wangu, alipokata ringi ya tyubu ya baiskeli akaitia ndani, na sasa ukiufunga unafungika. Sifa alipewa nyapara.

Mimi ni Ndinda. Naandika Kiswahili kwa sababu jirani yangu Aketch, Mjaluo wa Alego, anapenda nimsomee jioni, na Kikamba hakimwingii.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa nane tulikwenda Mitaboni, huko Machakos, kumsalimia mama yake Wambua. Namwita Mwaitu, yaani mama, kama anavyomwita mwanawe. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayetazama mikono ya mtu kabla ya uso. Akaitazama yangu. “Hii ni mikono ya mke gani?” akauliza. “Mke analima. Wewe unakaa Thika kama mgeni wa mume wako.” Wake wengi wa Wakamba wa viwandani wako nyumbani mashambani, na waume huenda mwisho wa mwezi. Hivyo ndivyo anavyotaka. Mimi na Wambua hatutaki. Hatukuoana ili tuandikiane barua.

Mdomo wangu haujawahi kuningoja. Nikamwambia, “Mwaitu, nitalima huko huko Thika.”

Alicheka mpaka akashika mbavu. “Utalima barabara? Haya. Mvua za vuli zikiisha, kabla watu hawajapanda tena, nitakuja. Unipikie isyo ya shamba lako. Nikila, kaa na mume wako. Nisipokula, utafunga mizigo turudi wote.”

Isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na hakuna chakula rahisi kuliko hicho. Kinachotakiwa ni shamba tu. Mbele ya mlango wangu kuna kipande cha udongo mwekundu kinachotosha mbuzi kugeuka, kisha mtaro, kisha barabara.

17 Oktoba

Nimekusanya: madebe yaliyotoboka, karai lisilo na kitako, sufuria iliyoungua, beseni la mtoto wa Aketch lenye ufa. Yaliyotoboka nimeyashukuru. Yasiyotoboka nimeyatoboa kwa msumari.

21 Oktoba

Mvua imeanzia upande wa Kilimambogo. Nimepanda maharagwe na kunde ya kuzunguka. Mahindi kesho.

22 Oktoba

Mahindi hapana. Gerishon, nyapara wa laini, Mragoli mwenye kofia ya kaki na filimbi shingoni, alinikuta nikipanda akasimama juu yangu kama mti.

“Mama, hiyo ni mahindi?”

“Ni mahindi.”

“Toa. Tuko katika Hali ya Hatari, na mmea wa kupita goti hautakiwi kando ya barabara, mtu asije akajificha.”

“Nani atajificha kwenye debe?”

“Mimi sikuandika sheria. Halafu jingine. Ijumaa bwana afya anapita. Akikuta mkebe nje anasema ni nyumba ya mbu. Nitapiga filimbi, nataka nje kuwe safi.”

Akaenda zake akipapasa filimbi. Sijawahi kumpenda mtu huyu, na leo nimepata sababu.

25 Oktoba, Ijumaa

Filimbi ilipigwa tukiwa bado tunakunywa chai. Nilibeba shamba langu lote nikaliingiza ndani. Madebe chini ya kitanda, sufuria juu ya meza, karai mahali pa kulalia. Bwana afya akapita na fimbo yake, nje safi kama sahani. Alipokwisha kwenda nikalitoa tena kwenye jua. Aketch alicheka hadi akakaa chini. “Ndinda,” akasema, “wewe peke yako Kenya hii unalima chumbani.”

Acha acheke. Shamba langu linajua njia ya nyumbani.

1 Novemba

Ijumaa. Ndani, nje. Aketch amepanda mnavu katika mikebe yake.

3 Novemba

Mahindi yamepata mahali, na sikutafuta mimi. Nyuma ya duka la Himatlal kuna ua wenye ukuta mrefu. Mkewe Madhuri huwa namwona dirishani tu, shela kichwani, akimwaga maji bila kutazama aliyeko chini. Nilimhesabu kuwa mtu wa majivuno. Leo alinishika mkono dukani, akanivuta mpaka nyuma bila salamu, nikidhani nimekosa nini. Ua mzima ni madebe ya samli! Dhania, uwatu, pilipili, na kitu kirefu chenye matunda ya chunusi ambacho nilikionja nikajuta. Kumbe maji anayomwaga dirishani huwa yanafuata mfereji wa bati mpaka kwenye madebe, na yanayoukosa ndiyo yanayotupata.

“Mimi naona wewe kila Ijumaa,” akasema. “Beba, rudisha, beba, rudisha. Mimi nacheka, halafu mimi napenda. Leta hiyo mahindi hapa. Ukuta mrefu, nani ataona?”

Nikamwambia, “Asante, Mama Daksha.” Daksha ni binti yake. Nikamwombea mkono wake baraka, na nikajiombea msamaha kidogo.

8 Novemba

Ijumaa. Ndani, nje. Wambua amerudi na gunia la mbolea ya bure. Yuko kiwanda cha ngozi, na huko wanakwangua ngozi za ng'ombe, manyoya na mafuta yanatupwa lundo. Kwetu chochote kilichotoka kwa ng'ombe ni chakula cha shamba, na tangu utoto sijasikia mtu akiuliza mara mbili. Nimetia kila debe viganja viwili. Mume anayerudi na mbolea ananifurahisha kuliko anayerudi na kanga.

12 Novemba

Mvua nzuri.

15 Novemba

Ijumaa. Maharagwe yana rangi nisiyoipenda.

19 Novemba

Majani yameungua pembeni kama karatasi iliyokaribia moto. Nimemwagilia zaidi, yamezidi. Nimepiga magoti mbele ya debe moja moja kama mama wa wagonjwa. Kunde imeinama. Wambua amekaa kizingitini. Najua anachofikiria, ni kile ninachofikiria mimi: mizigo yangu kwenye paa la basi la Machakos.

20 Novemba

Nilimwita Madhuri. Alitoka mpaka barabarani, jambo ambalo halijaonekana, na wanaume wa kiwandani wakasimama kutazama. Hakuwajali. Alichutama penye debe langu, akakwangua ukoko mweupe uliokuwa juu ya udongo, akautia ulimini. Mke wa mwenye duka, ameramba udongo wa mtaro mbele ya watu!

“Chumvi,” akasema. “Onja wewe.”

Nikaonja. Chumvi kweli. Hapo ndipo Wambua alipoweka mkono kichwani. “Ngozi zinatiwa chumvi zisioze,” akasema. “Nazibeba kila siku. Kila siku, Ndinda! Shati langu likikauka linasimama lenyewe.”

Yeye anafanya kazi ndani ya chumvi, mimi namfulia chumvi hiyo, na sote wawili tukaimimina shambani kwa furaha, kwa kuwa tuliona ng'ombe tu. Nilitaka kulia lakini nilianza kucheka, Wambua akafuata, na Madhuri akatutazama kama wendawazimu. Kisha akasema taratibu kuwa kwa mama yake, huko Kathiawar, Bara Hindi, karibu na bahari, udongo uliingia chumvi namna hii wakahama. “Nyinyi hamna haja kuhama,” akasema. “Udongo wenu uko kwa debe. Mwaga, tia mwingine.”

Hilo ndilo jambo ambalo hakuna mkulima wa Mitaboni anayeweza kulifanya. Shamba likimharibikia, atalimwaga wapi?

24 Novemba, Jumapili

Tumekwenda Ruiru. Binamu yake Wambua, Kaleli, yuko kiwanda cha kahawa huko, na nyuma ya kiwanda kuna vilima vya maganda ya kahawa yaliyooza mpaka yamekuwa meusi, yanatoa mvuke asubuhi. Nilionja kwanza. Kaleli akamtazama mume wangu. “Mke wako anakula nini?” Nikamwambia nimejifunza adabu ya udongo.

Tulirudi na magunia na matairi mabovu ya lori juu ya basi, kondakta akilalamika njia nzima mpaka Thika. Matairi tutayapandia, na ni ya watu wote, nimekwisha kuamua. Peke yangu sitaweza.

30 Novemba, Jumamosi

Leo nimeita mwethya.

Mwethya ni kazi ya kuitana. Kwetu mwanamke akizidiwa na shamba anawaita wenzake, wanakuja na majembe, wanaimba, wanamaliza, anawapikia. Kesho ataitwa yeye. Mazao ni ya aliyeita, wala hakuna anayeuliza mkono wa nani uligusa shina gani. Aketch hajawahi kusikia neno hilo, lakini alikuja. Wakaja wote wa laini, Waluhya, Wajaluo, Wakamba wawili wengine, na Waithira muuza uji, Mkikuyu, ambaye pasi yake ya kukaa Thika huwa anaivaa shingoni kwenye kifuko na haivui hata akifua. Tulishuka mtoni Chania tukapandisha udongo kwa karai. Tukachanganya na maganda ya Kaleli. Tukalaza matairi mbele ya kila mlango, tukayajaza pamoja na madebe, tukapanda upya. Mimi niliimbisha Kikamba, nao wakaitikia maneno wasiyoyajua kwa sauti ya kuvunja mabati.

Gerishon akatokea mbio. “Mkutano huu una kibali?”

“Si mkutano. Ni kazi.”

“Watu wakizidi watano na wanaimba, hiyo ni mkutano.”

Wimbo ukakatika. Waithira alishika kifuko chake. Gerishon naye alikiona. Alitazama matairi, akatazama barabara huku na huku. Akajikuna chini ya kofia.

“Basi imbeni polepole,” akasema, akaenda kusimama kwenye kona, mgongo kwetu.

Nimelala na maumivu kila kiungo na nimejaa fahari hata usingizi hauji. Laini yetu sasa ni shamba toka mlango wa kwanza mpaka wa mwisho.

6 Desemba, Ijumaa

Matairi hayabebeki. Madhuri alinipa maua yake ya manjano, yale wanayotungia mashada, nikayapanda ukingoni, kunde katikati. Bwana afya akasimama kwenye tairi langu. Wala si mtu mbaya wa uso, ni kijana mwembamba mwenye soksi ndefu. “Maua,” akasema kwa Kiswahili chake. “Mzuri sana. Na hii katikati ni maua gani?”

Gerishon akajibu, macho mbele kama askari: “Hiyo ni maua ya Ukambani, bwana.”

Akaandika. Tumeandikwa serikalini kuwa watu wa maua.

13 Desemba

Ijumaa. Ndani, nje.

20 Desemba

Ijumaa. Ndani, nje. Nimetambua jambo. Filimbi ya Gerishon hupigwa wakati bwana afya bado yuko ng'ambo ya reli. Nilidhani ni haraka ya mtu wa sifa. Leo nilipanda juu ya tairi nikatazama: gari la afya lilikuwa halijavuka, na Gerishon alikuwa amepuliza mpaka mashavu yakamtoka. Angeweza kabisa kungoja.

25 Desemba

Kunde ya kwanza, majani tu. Nimepika na kuku. Kanisani watu walikuja na viatu vipya, mimi nilikuja na kucha nyeusi. Nikakaa benchi la mbele.

2 Januari 1958

Kurasa za nyuma zimekwisha, nimerudi mwanzo wa daftari, na huku siku hazifanani kabisa, kila ukurasa nafuta. Mvua imekatika. Jua ni la kukaanga. Maji ya kuoshea vyombo, maji ya kunawia, maji ya kumwosha mtoto wa Aketch, yote yanakwenda shambani. Wambua amefunga tyubu kwenye shimo la kumwagia maji machafu ya bafu, inapita chini ya mlango mpaka kwenye madebe. Maharagwe yangu yanaoga kabla ya mimi kuoga.

9 Januari

Maharagwe yameanza kufunga maganda. Mahindi kwa Madhuri yamenipita kimo. Himatlal anasema yakiendelea hivi atauza duka alime.

15 Januari, Jumatano

Leo nitaandika yote.

Nilikuwa kwenye foleni ya maji niliposikia filimbi. Nikamwambia aliye mbele yangu, “Gerishon amelewa leo, si Ijumaa.” Ikalia tena. Haikukoma. Nikatupa debe langu la maji nikakimbia.

Lori la afya lilikuwa limeingia kwa juu, kutoka barabara ya kiwandani, si upande wa reli. Mtaa wa pili watu wameugua malaria, na amri imetoka mikebe yote ya mji ikusanywe siku yoyote bila kungoja Ijumaa. Vijana wa lori walikuwa wameshaanza upande wa mlango wangu, kwa kuwa wangu ndio wa kwanza. Madebe yangu yalikuwa yakirushwa juu. Yakitua yalikuwa yanalia kama ngoma, na maharagwe yananing'inia na mizizi nje.

Nilishika moja lililokuwa mikononi mwa kijana. Tukalivuta, yeye huku, mimi huku. Bwana afya akaja. Nililipindua mbele yake nikamwonyesha kitako, tundu lilipo, maji hayakai, mbu hawezi kuzaa hapa. Alitazama tundu. Alielewa, nilimwona akielewa. “Mama,” akasema, “mimi naweza kutazama mikebe elfu, hii ina tundu, hii haina? Mkebe ni mkebe.” Na ukweli ni kwamba Aketch alimzika mtoto wake wa kwanza kwa malaria. Niliachia debe.

Waliondoka na yote niliyoyaona nje. Mlango wangu ulibaki na tairi la maua tu. Nilikaa juu yake nikalia kwa sauti, mimi ambaye sikulia siku ya harusi. Maganda yalikuwa yamebakisha wiki chache. Mwaitu anakuja mwezi ujao, nami nina mahindi bila maharagwe, na isyo ya mahindi matupu ni aibu ya kuchemsha.

Jua lilipopungua, Aketch alikuja na debe kichwani. Ni debe langu, lile lenye picha ya jogoo. Nikamwuliza alilipata wapi. “Chini ya kitanda changu,” akasema. Filimbi ilipolia alikimbilia kwangu kwanza kwa kuwa sikuwepo. Alibeba yangu mara mbili, na alipogeuka kwenda kubeba yake, lori lilikuwa limekwisha kufika. Mnavu wake wote umeondoka.

Kisha akaja Waithira na karai langu lisilo kitako, amelikumbatia na udongo wake ili usimwagike, uji wake ulikuwa umeungua jikoni kwa ajili hiyo. Wakaja wengine. Mmoja alileta debe akasema ni langu, nami najua si langu, maharagwe yake ni mekundu na yangu ni ya madoa. Nilipomwambia alikasirika. “Nimesema ni lako. Au wakwe zako wanakula rangi?”

Wa mwisho alikuwa Gerishon, kofia kwapani. Sikujua kuwa ana upara. “Mama, pole,” akasema. “Mimi najua gari linatoka upande wa reli. Nilikuwa naangalia kule, mgongo kwa huku.” Alisema kama mtu aliyezembea lindo la vita. Nikamkaribisha chai. Alikunywa amesimama.

17 Januari, Ijumaa

Filimbi. Wote tumebeba, hakuna aliyetazama cha nani.

24 Januari

Ijumaa. Ndani, nje.

3 Februari

Wambua ameota amekula isyo. Mwaitu ametuma neno kwa watu wa basi: anakuja mwisho wa mwezi, na mizigo yangu iwe tayari. Hata hakusema “ikiwa”.

12 Februari

Maharagwe yamekauka, nimeyapura kwa mkono ndani ya shuka. Yamejaa kibuyu. Mahindi marefu si marefu, mengine mafupi kama kidole gumba, lakini ni mahindi na yana meno.

27 Februari, Alhamisi

Mwaitu amefika. Alishuka basi na kiondo kitupu, ukanda wa ngozi wa kubebea mizigo begani, na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Nilikitambua. Ni kibuyu cha mbegu, huning'inia juu ya moshi wa jiko lake. Mama mkwe ndiye anayekutunzia mbegu mpaka uwe na shamba lako. Hiki kilikuwa changu, na amekuja nacho ili akanipandishe Mitaboni mvua zikinyesha.

Alipita mbele ya milango yote akitazama madebe kama anavyotazama mikono ya watu. Nikampeleka mpaka kwa Madhuri aone mabua. Wale wawili walitazamana, mmoja mwenye shela na mmoja mwenye shuka, wakashikana mikono, hawana lugha hata moja ya pamoja. Madhuri alimwekea udongo kiganjani. Mwaitu akauonja.

Jioni nikaweka sahani mbele yake. Wambua alikuwa ameketi kama mshtakiwa. Nilikuwa nimepanga kunyamaza, lakini nilimwona ananyosha kijiko nikashindwa.

“Mwaitu, sitakudanganya. Mahindi yalimea kwenye ua wa yule mama. Maharagwe mengine yalilala kwa Aketch, mengine kwa Waithira, na mengine mekundu hata sikuyapanda mimi. Yote yamo humo.”

Kijiko kilisimama. “Nani alileta udongo?”

“Sote.”

“Nani aliwaita?”

“Mimi.”

“Walikuja?”

“Walikuja. Waliimba na Kikamba.”

Akala. Alikula yote, akafuta sahani kwa kidole, akalala bila kusema ndiyo wala hapana.

28 Februari, Ijumaa

Sikulala vizuri. Asubuhi filimbi ikalia, nikaruka, Mwaitu hayuko kitandani. Nilimkuta nje. Alikuwa ameona wanawake wakibeba, hakuuliza kwa nini. Alikuwa amelifunga debe la Aketch kwa ukanda wake, ameutia ukanda kwenye paji la uso, ameinama na debe mgongoni kama mzigo wa kuni, akipanda ngazi ya mlango wa jirani akimwambia Kikamba, “Fungua, fungua, mwanangu, wanakuja!” Aketch akafungua. Gerishon alimpigia saluti.

Bwana afya alipokwenda, Mwaitu alisaidia kutoa. Kisha alikaa juu ya tairi langu, akapumua. “Nimelima tangu sijavunja ungo,” akasema. “Nyani wamelila shamba langu, jua limelila, mafuriko yamelichukua. Sijawahi kulificha chini ya kitanda.” Akaanza kucheka, kile kicheko cha kushika mbavu, lakini safari hii mkono mmoja ulishika bega langu.

2 Machi, Jumapili

Tumemsindikiza stendi. Aliomba debe lenye jogoo, na kunde iliyomo ndani hai. Akalifunga kwa ule ukanda uliokuja kubeba mizigo yangu, akapanda nalo basi, akakataa liwekwe juu. Wanawake wa Mitaboni hawatamwamini bila kuona, alisema.

Basi lilikuwa limekwisha kuwasha moto nilipokumbuka kibuyu. Nilikiona asubuhi kikining'inia juu ya jiko langu, nikadhani atakichukua. Nikakimbia kando ya dirisha nikipiga bati kwa kiganja. “Mwaitu! Mbegu! Umesahau kibuyu cha mbegu!”

Alitoa kichwa nje, debe mapajani, majani ya kunde yakimgusa kidevu.

“Nani amekuambia nimesahau?” akasema.